Kabla hujatia dole gumba: namna ya kukaa na watu wa utafiti

Mtoto wa kaka yangu alinipigia Jumatano saa mbili usiku, sauti imemkauka. "Shangazi, wamekuja watu wa utafiti. Wanataka mtoto aingie kwenye chanjo ya malaria, na mama mkwe anasema hao ni mumiani. Nisaini au nisisaini?"

Nikamwambia usisaini leo, na usikatae leo. Wakirudi watandikie mkeka, wape maji, halafu waulize. Nikamtajia ya kuuliza, naye akayaandika nyuma ya daftari la shule la mtoto wake mkubwa. Nilipokata simu nikaona yanaweza kumfaa na mwingine, ndiyo nikakaa kuyaandika.

Miaka kumi na moja nilikuwa upande wa pili wa huo mkeka. Nilikuwa mfanyakazi wa nyanjani kwenye tafiti za malaria huku kwetu Tanga: mkoba mgongoni, kipima joto, kidau cha wino, fomu ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Siku za mwisho tukapewa vishikwambi, lakini wino wa dole gumba haukututoka mikononi. Sina ugomvi na utafiti. Wajukuu zangu wanakingwa na vitu ambavyo watoto wa watu wengine walikubali kujaribiwa. Lakini najua mtu anavyoweza kusaini kitu asichokielewa, maana nimewahi kumsainisha.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka na nusu. Nilimsomea fomu kurasa nne bila kupumua, kama mtu anayewahi basi. Kila nilipofika mwisho wa aya nikauliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Nimeelewa." Akatia dole gumba, shahidi akasaini, nikaenda nyumba ya pili. Alipokuja kituoni mara ya tatu akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu atapona lini?" Nikashangaa, kwani anaumwa nini? Akasema, "Si nyinyi mliomwona na ugonjwa ndiyo mkaja kumchukua?"

Mtoto alikuwa mzima. Yule mama kwa wiki kadhaa alikuwa anaamka usiku kumsikiliza mwanawe anavyopumua, akitafuta ugonjwa ambao watu wenye vitambulisho shingoni wameuona na yeye haujui. Hakuna aliyemdanganya. Kila neno kwenye fomu lilikuwa la kweli, na nililisoma kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena "umeelewa?" Nilianza kusema, "Haya mama, sasa nisimulie wewe." Na hilo ndilo la kwanza ninalokupa: kabla ya kushika kalamu, wasimulie wao. Sema kwa mdomo wako wanatafuta nini, mwanao atafanywa nini, mara ngapi, kwa muda gani, na baya gani linaweza kumpata. Ukikwama mahali, hapo ndipo warudie. Mfanyakazi mzuri atafurahi. Akikunja uso, umeshajua jambo kuhusu huo utafiti.

Fomu ilale nyumbani

Unayo haki ya kubaki na karatasi kabla ya kuamua. Waambie waache nakala, warudi kesho au keshokutwa. Mpe asome mtoto wa sekondari, mwalimu, imamu, yeyote unayemwamini. Mambo mawili matatu huwa yanajitokeza usiku, baada ya watoto kulala, ambayo mchana jua likiwaka na maharage yakiungua hayakuja kichwani.

Kama husomi, sheria za kazi hii zinataka awepo shahidi anayesoma, asiyetoka kwenye timu ya utafiti. Watu wa utafiti wana haraka, watamchukua aliye karibu. Usikubali. Mchague wewe. Mimi nisingemchukua balozi wa nyumba kumi wala mwenyekiti wa kitongoji ikiwa ndiye aliyezunguka nao kuwatambulisha nyumba kwa nyumba, hata kama ni mtu mwema. Ameshasema ndiyo mbele ya kijiji, atakuwa na aibu kukusikiliza ukisema hapana.

Na mume? Kwa kina mama wengi hili ni zito kuliko fomu yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba mtu wa nyumbani mwenye neno lake aitwe mapema, akae mkekani asikie kwa masikio yake. Nimeona watoto wakitolewa kwenye utafiti baada ya sindano ya kwanza kwa sababu baba alirudi kutoka Dar akakuta plasta kwenye paja.

Mwingine anapata nini?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaulizi, nami nalipenda kuliko yote. Chanjo haiwezi kupimwa peke yake. Lazima liwepo kundi jingine la kulinganisha, na mwanao anaweza kuangukia huko.

Chukua ile chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza 2009 likaisha 2014, watoto 15,460, vituo 11 katika nchi saba za Afrika. Kwa upande wetu vilikuwamo Korogwe na Bagamoyo, Kenya ikawa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Wale wa miezi mitano hadi kumi na saba waligawanywa makundi kwa kura. Wengine walipata chanjo ya malaria, wengine walipata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Jirani yangu mmoja wa zamani, mwenye mtoto aliyekuwamo, alipoelezwa hilo alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mbwa wameingiaje hapa?" Jibu ni kwamba waliona si haki kumchoma mtoto sindano ya maji matupu na kumrudisha nyumbani. Basi yule wa kundi la pili alipewa chanjo isiyomkinga na malaria lakini yenye faida yake, ili atakayeng'atwa na mbwa siku moja awe ameshapata mwanzo mzuri. Wazazi hawakujua mtoto yupi yuko wapi, na waliomwandikia homa yake hawakujua. Kama wangejua, mwenye chanjo halisi angeangaliwa kwa jicho la matumaini na mwenzake kwa jicho jingine, na hesabu ingeharibika.

Kwa hiyo uliza: kundi la pili linapewa nini? Nani anachagua, ni kura kweli au daktari anaamua? Mkishamaliza, na chanjo ikionekana inafaa, wale waliokosa watapewa? Hilo la mwisho liwe limeandikwa. Kuambiwa tu kwa mdomo hakutoshi.

Uliza pia wako hatua ya ngapi. Hatua ya kwanza ni watu wachache, mara nyingi watu wazima wenye afya, wakiangaliwa kama dawa ina madhara. Hatua ya tatu ni maelfu, na dawa imeshapita kwa wengine kabla yako. Hofu ya hatua ya kwanza si sawa na hofu ya hatua ya tatu, na mtu anastahili kujua anaogopa ipi.

Wakikutajia asilimia

Watakuja na namba. Waambie wakufafanulie kwa watoto wa kijiji.

Jaribio la RTS,S lilipomalizika, kwa watoto wa umri huo waliopata dozi zote nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 ndani ya takribani miaka minne. Waliokosa dozi ya nne, asilimia 28. Watu wengi husikia hivi: watoto 36 kati ya mia wamekingwa, 64 wametupwa. Sivyo. Maana yake ni kwamba pale ambapo watoto wasiochanjwa wangeugua mara mia kwa jumla, waliochanjwa waliugua kama mara sitini na nne. Mwanao anaweza kuchanjwa na bado akaugua. Ndiyo maana neti haikuondolewa kwenye vitanda vya watoto wale, na ndiyo maana mtu akikwambia "akichomwa hii hapati malaria tena" unamwomba arudie, pole pole, mbele ya shahidi.

Ona na dozi ya nne. Ilitolewa mwaka mmoja na nusu baada ya ya tatu. Mwaka mmoja na nusu ni muda mrefu. Mtu anahama, anaachika, anazaa mwingine. Ukiambiwa ratiba, hesabu misimu yako: masika uko wapi, wakati wa kuvuna uko wapi, utakuwa bado kijijini? Kama unajua Machi unakwenda kwa mama yako Lushoto na hurudi mpaka Juni, sema leo.

Kwa chanjo iliyofuata, R21, Kilifi na Bagamoyo zilikuwamo tena, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, miaka miwili baada ya kuipendekeza RTS,S. Nasema haya ili mtoto wa kaka na mama mkwe wake waone kwamba watoto wa huku walikuwamo, wana majina, wana mama zao, na bado tunakutana nao sokoni.

Baya gani linaweza kumpata?

Usiulize, "Ina madhara?" Utajibiwa, "Madogo madogo tu." Uliza: mpaka sasa mmeona nini, kwa wangapi, na mlifanya nini?

RTS,S iliongeza kidogo uwezekano wa degedege linaloletwa na homa katika siku chache baada ya sindano. Huku pwani neno degedege likitajwa nusu ya nyumba inamfikiria mganga kabla ya zahanati. Kwa hiyo ni lazima mwambiwe mapema: homa ikipanda baada ya chanjo mfanye nini, mpige namba gani, nani atalipia bodaboda saa nane ya usiku. Kwenye jaribio lile pia ilionekana homa ya uti wa mgongo nyingi zaidi upande wa waliochanjwa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni chanjo au ni bahati mbaya ya hesabu. Hawakulificha. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, jambo hilo lilifuatiliwa kwa makusudi kwa watoto wengi zaidi, na halikuthibitika.

Utafiti unaokwambia tuliona hiki, bado tunakiangalia, mimi nakaa kuusikiliza. Ule usioona baya lolote nauogopa zaidi.

Na mtoto akidhurika kwa sababu ya utafiti, nani anagharamia? Majaribio ya dawa na chanjo huwa na bima. Uliza ipo wapi kwenye karatasi, wakuoneshe kwa kidole.

Damu, na hesabu ya vijiko

Hapa ndipo mumiani anapoingia. Bibi zetu walisimuliwa watu wanaokamata wapita njia wakawanyonya damu wakaiuza, na hadithi hiyo inafufuka kila gari jeupe lenye nembo linapoingia kijijini. Sikuwahi kuicheka. Ukimchukulia mtu damu yake usimwambie kiasi wala inakokwenda, atajaza mwenyewe palipobaki wazi.

Fomu inasema "mililita tano". Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Nilikuwa natembea na kijiko mkobani, kijiko cha kawaida cha bati, nikimwonesha mama: hiki kimoja, leo, hivi viwili, mwezi wa sita. Uso ulikuwa unalegea papo hapo. Basi nawe wadai vijiko. Ni vingapi kwa siku moja, vingapi mpaka utafiti uishe. Damu ya kidole ni matone tu, hiyo isikusumbue.

Halafu ifuate hiyo damu safari yake. Inapimwa nini? Ikibaki inatupwa au inawekwa kwenye jokofu miaka? Itapelekwa nje ya nchi? Watapima mambo mengine baadaye ambayo leo hayapo kwenye fomu, kama vile vinasaba? Kwenye fomu nyingi hapo pana visanduku viwili, ndiyo na hapana, na unaweza kukubali utafiti ukakataa kuhifadhiwa damu. Nilikuwa naona wenzangu wakitia alama ya ndiyo wenyewe huku wakiongea. Kiangalie kile kisanduku.

Kama utafiti wenyewe ni wa kipimo kipya cha kugundua ugonjwa, kuna swali lake. Hapo damu au makohozi yako hupimwa mara mbili, kwa kipimo kipya na kwa kile cha zamani kinachoaminika, ili waone kipya kinakosea mara ngapi. Uliza: vikitofautiana, mtanitibu kwa kufuata kipi? Na majibu nitapewa? Vipimo hukosea kwa njia zake. Kile kikadi cha plastiki cha malaria cha mistari miwili, cha kidole, aina yake iliyozoeleka inatafuta protini ya vijidudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa kuwaua wote. Mtoto amepona kabisa, mstari bado unatokea. Mama asiyejua hilo ataona dawa haikufanya kazi, atakwenda kununua nyingine dukani.

Ukiwa umelazwa kusubiri upasuaji

Hapa nitasema machache, sikufanya kazi ya wodini. Ila dada yangu alipopasuliwa uvimbe aliletewa karatasi mbili pamoja, akazisaini kama moja. Moja ni ya kukubali upasuaji, nyingine ni ya kukubali utafiti. Zitenganishe mkononi. Ukikataa ile ya pili, ya kwanza inabaki palepale na foleni yako haisogei. Kama anayekuletea ya utafiti ndiye daktari atakayekupasua, mwombe aje mtu mwingine kukueleza. Ni vigumu kumwambia hapana mtu atakayeshika kisu.

Tafiti nyingine hazikuletei karatasi kabisa, kwa sababu hazikufanyi lolote, zinaangalia tu hospitali inavyofanya kazi, na kamati ya maadili, wale wanaokagua kama utafiti unafuata haki, huziruhusu. Ile orodha ya usalama ya upasuaji, ambapo timu inasimama na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, anapasuliwa nini na wapi, na mwisho inahesabu vitambaa na sindano, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani na mojawapo ilikuwa Ifakara. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miaka mitano baadaye yakatoka matokeo ya hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kuitumia: hawakuona tofauti ya maana. Pamoja na matokeo hayo mawili kutofautiana, mimi bado ningependa mtu aseme jina langu kwa sauti kabla hajanikata.

Wakikuomba namba ya simu wakupigie baada ya kutoka, toa namba inayopatikana. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotoka 2018, wagonjwa 11,422, ulionesha kwamba waliofariki wengi hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata.

Nauli, soda, na kujitoa

Nauli ni haki yako, na muda wako wa kazi ufidiwe. Lakini fedha ikiwa nyingi mpaka unajikuta huwezi kusema hapana, simama. Nimeona watu wakificha ugonjwa ili wasitolewe kwenye utafiti wenye posho nzuri. Na ni kweli kwamba mtoto aliye kwenye utafiti huonwa haraka kuliko mwenzake wa foleni ya zahanati. Sitakudanganya kwamba hilo halivutii. Litie kwenye mizani, ila ujue hapo ulipo ni kwenye utafiti, matibabu ni kitu kingine.

Ukitaka kutoka, unatoka. Si lazima utoe sababu, na zahanati haiwezi kukunyima huduma ya kawaida kwa ajili hiyo. Waage tu, usiwakimbie. Wakijua umetoka watakwambia kama mtoto anahitaji kuangaliwa zaidi. Nimekaa vichakani saa nzima kumsubiri mama aliyejificha jikoni kwake, wote wawili tukijua.

Sasa zile namba mwishoni mwa fomu. Moja ni ya mtafiti mkuu, nyingine ya kamati ya maadili. Tanzania Bara utafiti wa tiba lazima uwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na jaribio la dawa au chanjo lipite pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar wana kamati yao. Kenya huwa ni kamati ya maadili, NACOSTI ambayo ni tume ya taifa ya sayansi, na Bodi ya Dawa na Sumu kwa majaribio ya dawa. Omba kuona namba ya kibali na tarehe ya kwisha kwake. Halafu fanya kitu ambacho katika miaka kumi na moja nilimwona mtu mmoja tu akifanya, mzee fundi cherehani: alipiga ile namba ya kamati palepale, spika ikiwa wazi, sisi tumekaa. Ilipokelewa. Akasema, "Nilitaka kujua kama kuna mtu upande wa pili," akakata, akasaini.

Mtoto wa kaka alinipigia tena Ijumaa. Walirudi, mama mkwe akakaa nao, ndiye aliyeuliza ya vijiko. La kundi la pili walijibu vizuri, la bima ilibidi wampigie bosi wao. Amesaini. Nikamuuliza nakala yake iko wapi, akasema kwenye dari, juu ya boriti. Nikamwambia aishushe kabla panya hawajaipata, aitie kwenye nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na ile namba ya usiku aiandike kwa mkaa ukutani, karibu na mlango.